Kaniki ya Ijumaa

Swali la kumi na saba nililipata. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za mama yangu hudhani siku ile nilivurugwa, kwamba niliingia kwenye mtihani kichwa kikiwa hakipo. Kichwa kilikuwapo. Penseli nilikuwa nimeichonga pande zote mbili, chai nilikunywa, na swali la kumi na saba nililipata.

Ulikuwa mtihani wa kuingia shule ya sheria, na nilikuwa naufanya kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliangushwa na aina moja tu ya maswali. Unapewa maelezo mafupi, mistari minne au mitano, kisha unaulizwa: kutokana na maelezo haya, kipi lazima kiwe kweli? Majibu yapo matano. Matatu ni ya kipuuzi, hayo unayafuta upesi. Yanabaki mawili yanayofanana. Moja linaweza kuwa kweli na jingine lazima liwe kweli, na hapo ndipo watu wazima wenye familia zao hutokwa jasho. Mimi mara ile ya kwanza nilichagua linaloweza kuwa kweli karibu kila mahali. Nilikuwa na haraka ya kuamini.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo Newala kwa miaka tisa. Miaka tisa naandika hukumu za watu wengine kwa mwandiko mzuri, naita wadaawa kwa sauti, natazama mahakimu wadogo kwangu kwa umri wakikosea mambo ambayo ningeyapata nikiwa nasinzia. Nilikuwa na wivu, niseme wazi, na wivu huo ndio ulionisomesha. Nilijiapiza kwamba nikianguka tena sitarudia, nitazeekea kwenye meza ile ile yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha tofali.

Mwisho wa wiki nilikuwa nakwenda nyumbani Mnyambe, alikokuwa akiishi mama pamoja na dada yangu mkubwa. Tulikaa barazani, mama anapukuchua mbaazi kwenye ungo, mimi namsomea maswali. Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo nilimgeuzia kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipogoma, kwa Chimakonde. Sikumsomea kwa sababu nilitaka msaada wake. Ukimfundisha mtu asiyejua, wewe mwenyewe unaelewa, na asiyejua aliyekuwa karibu alikuwa yeye.

Mama aliishia darasa la nne na alibishana na kila swali. Nilimsomea moja kuhusu dereva aliyepewa likizo na kampuni yake, lakini wiki nzima hajaonekana nyumbani kwake. Kipi lazima kiwe kweli?

"Ana mke mwingine," alisema mama.

"Mama, hilo halimo kwenye maelezo."

"Halimo, lakini limo."

Dada alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilimweleza mama, kwa sauti ile ninayotumia kuwanyamazisha watu mahakamani, kwamba kanuni ya kwanza ni kutoongeza kitu chako. Unachukua ulichopewa, basi. Ukijua ya mjini, ukijua ya jirani, yaache nje ya mlango kama viatu.

Siku nyingine nilimtungia swali mwenyewe ili aone kosa ambalo watu hulifanya sana. Nikamwambia: mzee fulani, kila anapopuliza salfa kwenye mikorosho yake, hujifunga kitambaa puani. Leo mzee huyo amejifunga kitambaa puani. Je, lazima awe anapuliza salfa?

"Mwezi gani?" aliuliza, maana salfa hupulizwa kwa msimu.

"Haikusemwa."

"Basi nitajuaje? Ntu anajifunga kitambaa kwa mambo mengi. Labda ana mafua. Labda jirani ndo anayepuliza. Mimi nikiumwa jino najifunga vilevile. Hapana, mwanangu, sijui kama anapuliza."

Lilikuwa jibu sahihi, tena na sababu zake. Wakati ule nilikuwa na vitabu viwili vya kukodi na daftari lililojaa mishale, na nilikuwa nimechukua siku tatu kulielewa jambo hilo. Badala ya kumsifu nilimwambia, "Umebahatisha. Ungesoma ungejua kwa nini umepata."

Akachukua ganda jingine, akalifungua, akatia mbaazi kwenye ungo. Nilifungua ukurasa uliofuata nikaendelea kusoma.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilichukua likizo nikaenda kukaa Masasi kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama. Mtihani ulikuwa unafanyika Masasi, na kwake kulikuwa na chumba chenye meza. Mama alinipigia kila siku kabla ya magharibi. Sisi watu wa juu, huku mlimani ambako maji ni shida, tumekua tunahesabu ndoo, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Maji yapo huko?" Nikimjibu yapo, anasema, "Basi oga, soma." Kisha anakata, maana alidhani simu ikizidi dakika moja inaharibika.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Jumatano mama hakupiga.

Nikapiga mimi, akapokea dada. Akasema mama amelala. Saa kumi na moja jioni! Mama hakuwahi kulala saa hizo hata alipokuwa na mimba zetu. Nikasema nitampigia baadaye, dada akasema, "Wewe soma, achana na sisi." Mama mdogo aliporudi kutoka sokoni alisimama mlangoni akanitazama kwa muda, kisha akasema nimpe simu aniwekee, watu wasinisumbue mpaka nimalize. Nikampa.

Mama mdogo ni mtu wa makelele. Tangu nifike kwake alikuwa ananigombeza kwa kila kitu, taa, sabuni, jinsi ninavyokunja mashuka. Alhamisi hakunigombeza hata mara moja. Mchana alichinja kuku akaniwekea firigisi, na firigisi nyumbani mwake ni ya mumewe. Majirani wawili walipita mmoja baada ya mwingine, wakanisalimia kwa sauti laini, wakasema "pole na masomo" na hawakukaa. Simu ya mama mdogo ikilia alitoka nayo mpaka nyuma ya choo.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kwetu mwenye mtihani haambiwi habari ya kifo. Binamu yangu alifanya mitihani yote ya kidato cha nne baba yake akiwa ameshazikwa. Alikuwa anatuma salamu nyumbani na watu wanampokelea, wanamjibu kwamba baba naye anamsalimu. Alipomaliza ndipo akachukuliwa, akaonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani. Hakuna aliyeona ubaya. Lakini ugonjwa hatufichi. Ugonjwa unatangazwa, mtu aombe dua, mtu alete dawa anayoijua. Nilichowahi kuona kikifichwa ni kifo tu.

Alhamisi alasiri nilikaa kwenye ile meza nikapanga mambo kama nilivyofundishwa. Akifa mtu, mwenye mtihani hufichwa. Mimi ninafichwa. Kwa hiyo mama amekufa. Niliyapanga kwa utulivu, naona aibu kusema. Nilijiambia labda alifariki Jumanne usiku, labda amezikwa Jumatano, sisi Waislamu hatukai na maiti. Kama amezikwa, amezikwa. Nikienda leo nitakuta kaburi, nikienda Jumamosi nitakuta kaburi lile lile.

Nililia kidogo, kwenye kanga, bila sauti. Halafu nikaona nafuu. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Kama mama angekuwa mgonjwa ningelazimika kwenda. Aliyekufa hakuhitaji niende. Nilimzika pale mezani ili nipate nafasi ya kusoma, na jioni ile nilifanya maswali arobaini nikakosa mawili.

Ijumaa baada ya sala nilimwambia mama mdogo nakwenda kununua kifutio. Nikanunua kifutio, halafu nikaingia duka la nguo nikanunua kaniki mpya. Upande wa mama yangu, binti wa marehemu hujifunga kaniki kiunoni tangu siku ya kwanza ya msiba, na sikutaka kufika mikono mitupu halafu nianze kuazima. Muuzaji aliniuliza nani amefariki. Nikasema mama. Akanipa pole, nikapokea. Kaniki nikaitia chini kabisa ya begi, chini ya nguo za ndani, maana mama mdogo hangepekua hapo.

Jumamosi saa mbili tulikuwa tumekaa ukumbini, kila mtu na dawati lake. Swali la kumi na saba lilihusu kiwanda. Kila mashine kubwa inapoharibika, taa nyekundu huwaka. Sasa hivi taa nyekundu inawaka. Kipi lazima kiwe kweli kutokana na maelezo haya? Jibu la kwanza lilisema mashine kubwa imeharibika. Jibu la nne lilisema kwamba maelezo hayatoshi kujua kama mashine kubwa imeharibika.

Nililitazama lile swali nikamsikia mama anauliza, mwezi gani.

Nilielewa kila kitu mara moja, na sikutaka kukielewa. Taa ilikuwa inawaka, hilo nililiona kwa macho yangu. Simu nyuma ya choo, firigisi, sauti laini. Lakini hakuna mtu aliyeniambia mama amekufa. Niliongeza mwenyewe. Watu wanaweza kuficha kwa mambo mengi. Angeweza kuwa hai, amelala kitandani Mnyambe, saa tatu hivi asubuhi, na mimi nina kaniki kwenye begi.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Msimamizi alikuwa mama mmoja mpole aliyekuwa akifunga kilemba chake upya. Ningenyoosha mkono, ningesema nina dharura nyumbani, angeniruhusu. Stendi haikuwa mbali. Nilijua hayo yote, na nilijua pia kwamba nikitoka sitarudi, kwamba Jumatatu nitakuwa kwenye meza yenye kipande cha tofali nikiandika hukumu ya mtu mwingine. Nikatia rangi jibu la nne. Nikafunua ukurasa.

Karatasi ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, iliisha saa saba na nusu. Mama mdogo alikuwa getini, macho mekundu, akanikumbatia, akasema tu, "Twende nyumbani, mwanangu, mama yako hali yake si nzuri." Begi langu alikuwa amekuja nalo. Mumewe alikuwa ameazima gari. Tuliingia moja kwa moja, na tulipoanza kupanda kuelekea Newala mama mdogo aliniambia niwe na moyo mgumu. Nikamjibu kwamba ninao.

Tulipofika wanaume walikuwa wanarudi makaburini, wananawa mikono kwenye ndoo. Ndoo ile ndiyo iliyonigutusha. Kama alizikwa Jumatano, mbona leo wananawa? Dada alitoka ndani akanishika mabega. Alisema mama amefariki leo saa tano asubuhi, na shehe alikataa kusubiri zaidi ya alasiri.

Leo saa tano. Saa tano nilikuwa kwenye swali la hamsini na kitu. Nilikaa chini mlangoni na nilipiga ukelele wa kweli, watu wakasema maskini, ndiyo kwanza anasikia.

Kwetu msiba huendeshwa na watani. Wao ndio wanaochimba kaburi na kupika, na wao ndio wenye ruhusa ya kusema lolote. Mtani anaweza kumwigiza marehemu, anaweza kuteka mizigo ya wafiwa mpaka wagomboe, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika anachekwa zaidi. Mtani wa ukoo wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Chiwata. Alijifunga kanga ya mama, akapita katikati ya wanawake uani akitembea kama mama, mguu wa kushoto nyuma kidogo, akaweka kiganja sikioni kama simu. "Maji yapo huko? Basi oga, soma!" Watu walicheka na kulia pamoja. Hata mimi nilicheka. Hapo ndipo alipoliona begi langu.

"Nzigo wa wakili huu! Nauteka!" Akakaa chini katikati ya ua akalifungua, akawa anatoa kitu kimoja kimoja na kukionyesha. Kitabu. Kifutio. Nguo za ndani, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu akatoa kaniki.

Alianza kwa mzaha. "Oneni, wakili wetu amejiandaa." Kisha akaikunjua na ikabaki na mikunjo ya dukani, na kwenye pindo karatasi ya duka bado imebandikwa. Aliisoma kwa sauti. "Duka la Masasi," akasema. Akamgeukia mama mdogo. "Dada yangu, ulipompokea ntoto wako kwenye ntihani, mlipitia wapi?"

"Hatukupitia popote," alijibu mama mdogo, ambaye hakuwa ameona inakokwenda. "Tuliingia kwenye gari moja kwa moja."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi alikwenda ukumbini, maduka hayajafunguliwa."

Mtani aliinyanyua kaniki juu kwa mikono miwili. Hakuwahi kusoma kitabu chochote cha hoja, na hakuongeza kitu chake. "Marehemu kafa leo saa tano. Leo ntu huyu hajakanyaga dukani. Basi, wenzangu, nisaidieni hesabu. Kaniki ilinunuliwa mama yake akiwa hai! Wakili kamzika mama yake kabla ya sisi. Tulichelewa, jamani, tumechimba bure!"

Ua mzima ulilipuka. Ulikuwa utani mzuri, wa kusimuliwa kwenye misiba mingine, na sheria ya utani ilikuwa juu yangu, kwa hiyo nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka mbavu zikauma. Nikatoa chochote nilichokuwa nacho mfukoni nikagomboa begi. Mtani akanifunga kaniki kiunoni yeye mwenyewe, akaikaza.

Dada hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Baadaye, watu walipokuwa wanakula, aliniita kule jikoni akafunga mlango.

"Ulinunua lini?"

"Jana."

"Saa ngapi?"

"Baada ya sala."

Alifikiri. "Saa hizo alikuwa anakunywa uji. Nilikuwa namnywesha mimi, kwa kijiko. Presha ilimwangusha Jumanne usiku, upande mmoja ukalala, lakini mdomo ulikuwa unasema." Alinitazama usoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Nani alikwambia amekufa?"

"Hakuna. Mlinificha. Nikajua."

"Ulijua nini?"

Dada aliweka mwiko juu ya sufuria. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ningependa angepiga kelele. "Sisi tulitaka kukwambia. Mimi na mama mdogo, siku ile ile. Ni mama aliyekataa. Alisema, 'Msinwambie kitu. Mkinwambia, nyie ndo mtakuwa mmentoa kwenye ntihani wake, atawalaumu maisha yake yote. Nyamazeni tu. Ntoto yule ana akili, mkinyamaza atajua kuna jambo. Akitaka kuja, atakuja mwenyewe.' Jana na juzi tulimlaza barazani. Kila gari lilipopita alikuwa anauliza, ndilo hilo?"

Kisha akafungua mlango akaenda kugawa chakula.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili na nilifaulu vizuri sana. Katika maswali yale ya hitimisho nilipata karibu yote. Nilimpigia dada kumwambia. Alisema hongera, akaniuliza kama maji yapo, akakata.

Sasa ninasoma sheria, na dada ndiye anayenipigia kila jioni. Tangu mwaka ule hanifichi kitu. Ananieleza mbuzi akichechemea, ananieleza jirani akikohoa, anataja siku na saa, na akimaliza huniuliza kama nimeelewa au arudie. Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa nzito na inakwama kooni, na kabla sijasema lolote akaniwahi.

"Ni mafua," alisema. "Sijafa. Usinunue kitu."

Nikamwambia nimeelewa.